Sauti ya Saa Saba Usiku



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya kusikiliza, na hasa kusikiliza kabla ya kusema. Jambo hili limekwisha kuhubiriwa mara nyingi, nanyi mnalijua. Hata hivyo, mwaka 2024 parokia yetu hapa Songea ilifundishwa somo hilo upya, na mwalimu wake alikuwa gari dogo la umeme. Wengi wenu mlizisikia habari zake nusu nusu, sokoni au kwenye jumuiya. Tumeona ni vyema tuziandike kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na heshima ya mtu, ambayo nusura ipotee bure.

Gari hilo tulipewa na mfadhili. Lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, likafika Songea juu ya lori, maana zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam ni safari ndefu mno kwa betri yake. Hapa mjini linatosha kabisa. Linatupeleka Ruhuwiko, Mletele na Matogoro kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, na siku ya Dominika huwakusanya wazee wasioweza kutembea ili wafike Misani. Usiku huchajiwa kwenye banda la parokia kwa umeme wa kawaida wa TANESCO. Wazee watakumbuka kwamba mji huu ulitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018, ilipofika njia kubwa ya umeme kutoka Makambako. Watakumbuka pia kwamba tangu mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole huzalisha umeme huko Tulila, kwenye mto Ruvuma, mto uleule unaochimbuka katika milima yetu ya Matogoro. Kwa hiyo hatukosei tukisema kwamba gari hili hula kidogo matunda ya mto wetu wenyewe.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu huliona katika gari la namna hii ni ukimya. Huondoka bila kunguruma. Ukimya wake ni mkubwa kiasi kwamba huko Ulaya, tangu Julai 2019, sheria inataka aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti ya kutengenezwa zinapokwenda polepole, ili kuwaonya waendao kwa miguu. Lakini ukimya huo una tabia nyingine inayomgusa aliyemo ndani. Katika gari la petroli, injini hufunika sauti zote ndogo. Feni inaweza kukwaruza mwaka mzima na dereva asijue. Katika gari la umeme kila kitu husikika: kokoto chini ya tairi, mkanda unaogonga mlango, na zaidi ya yote, kiyoyozi.

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi kiyoyozi hicho kinavyofanya kazi, kwa maana bila hilo habari hii haitaeleweka. Katika gari la kawaida, kompresa inayosukuma gesi ya kiyoyozi huzungushwa na injini kwa mkanda, na joto la kuwapasha abiria ni masalia ya joto la injini. Injini ikizimwa, vyote viwili hukoma. Gari la umeme halina injini, wala halina masalia ya joto ya kutosha. Kompresa yake ina mota yake yenyewe, inayopata nguvu kutoka betri kubwa. Katika magari mengi, likiwemo hili letu, kompresa hiyohiyo hupoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi, kwa kuigeuza njia ya gesi. Kwa sisi wa Songea, tunaoamka na makoti mwezi wa Juni, kupashwa ni jambo la maana kuliko kupozwa. Sasa likumbukeni hili: kwa kuwa kompresa haihitaji injini, inaweza kufanya kazi gari likiwa limesimama, limefungwa, na halina mtu ndani.

Mwezi wa Mei 2024, siku chache baada ya gari kuanza kuchajiwa bandani, mlinzi wetu wa usiku alikuja asubuhi kabla ya Misa, akasema, "Baba, gari linahema." Tulimwuliza ana maana gani. Alisema kwamba katikati ya usiku gari lilianza kuguna, kisha likavuma kama mtu mwenye pumu, likaendelea kwa muda, halafu likanyamaza ghafla kama lililokatazwa. Usiku uliofuata ikawa hivyohivyo. Mlinzi alikuwa mtu jasiri, lakini siku ya nne aliomba awe analinda upande wa pili wa kanisa.

Mchana nako hakukuwa kimya. Waliopanda gari walisikia mambo matatu. Feni ilitoa mkwaruzo kama wa majani makavu. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na mlio mfupi wa tik-tik-tik kila kiyoyozi kilipowashwa, ambao ulidumu sekunde chache ukaisha. Tena, baada ya gari kuzimwa, kulisikika mfyonzo mrefu na mbubujiko, kama maji yanayoshuka katika koo la mtu. Sauti hizi tatu za mchana ziliungana na ile moja ya usiku, na katika vinywa vya watu zikawa sauti moja: gari la Padre lina kitu.

Ndugu zangu, mnalijua neno "kitu" likisemwa kwa namna ile. Halikukaa siku nyingi bila kupewa mwenyewe. Nyuma ya uzio wa parokia anaishi bibi mmoja, mjane, ambaye watoto wake wako mbali. Watu waliopita njia ya usiku walikuwa wameona taa katika dirisha lake saa ileile gari linapoanza kuvuma. Zaidi ya hayo, waliochunguza walisema kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili gari hunyamaza, na taa ya bibi haiwaki. Kwao huo ulikuwa ushahidi uliokamilika. Mama mmoja mgonjwa, ambaye gari lilikuwa likimleta Misani, alituma mjukuu kusema kwamba Dominika hiyo asifuatwe. Mtoto aliyekuwa akimchotea bibi maji hakurudi tena kwake. Nasi katika nchi hii tunajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi akina mama wazee wengi. Yalianza kwa mnong'ono, wala si kwa panga.

Tulilipeleka gari kwenye gereji moja. Walilisikiliza kwa dakika mbili, wakakata shauri: kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Gharama yake ingemeza fedha zote zilizokusanywa kwa ajili ya bati za kigango chetu kimoja, ambacho waamini wake husali wakilowa masika. Wakasema kwamba kwa muda tu wangeweza kuongeza gesi na mafuta ya kompresa, yale wanayotumia katika magari mengine yote. Walipokuwa wakitafuta chupa, kijana mmoja aliyejifunza ufundi wa umeme, mwanakwaya wetu, ambaye alikuwa amekuja nasi kwa bahati tu, aliomba kwa adabu wasubiri.

Alituambia jambo ambalo tungependa kila mwenye gari la namna hii alijue. Mota ya kompresa ya umeme imezama ndani ya gesi na mafuta yenyewe, nayo huendeshwa kwa umeme wa mamia ya volti. Kwa hiyo mafuta yake ni ya aina ya pekee, yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya viyoyozi vya magari, hata kiasi kidogo, huharibu kinga hiyo, umeme ukaanza kuvujia kwenye mwili wa kompresa, na gari likigundua mvujo huo linaweza kukataa kabisa kuwaka. Akaonyesha pia nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti, akasema hizo hazishikwi na mtu asiyefunzwa kazi hiyo, hata gari likiwa limezimwa. Basi tuliwashukuru wale mafundi, tukaondoka. Dawa iliyokuwa karibu kutiwa ingekuwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kijana huyo hakufungua kitu siku ile. Alifanya mambo mawili yaliyotushangaza. Kwanza, aliketi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, redio imezimwa, kwa muda wa nusu saa, akawasha na kuzima kitu kimoja kimoja. Feni peke yake. Kisha feni na ubaridi. Kisha joto. Kisha kuzima vyote na kungoja. Pili, alimpa mlinzi daftari na kalamu, akamwomba aandike kwa usiku saba: sauti imeanza saa ngapi, imekoma saa ngapi, je, gari limechomekwa kwenye umeme au la, kuna baridi au hakuna. "Usiandike unachofikiri, mzee wangu," alimwambia. "Andika unachosikia."

Sauti za mchana zilipatiwa maelezo upesi. Mkwaruzo wa feni ulikuwa kiota cha panya. Walikuwa wamejenga juu ya chujio la hewa, kwa nywele za mahindi na vipande vya gunia, maana banda letu lilikuwa ghala la mahindi ya zaka kabla ya kuwa nyumba ya gari. Kilitolewa kwa mkono na mfuko wa plastiki, chujio likabadilishwa. Ule mlio wa tik-tik-tik ulikuwa wa kijimota kidogo kinachofungua na kufunga mlango wa hewa. Jino la gurudumu lake la plastiki limelika, likifika mwisho linateleza. Si hatari, linaweza kungoja. Na ule mfyonzo baada ya kuzima haukuwa ugonjwa hata kidogo. Kompresa inaposimama, upande mmoja wa mabomba una msukumo mkubwa na mwingine mdogo, nayo gesi hupita katika tundu jembamba hadi pande zote mbili zilingane. Kila kiyoyozi hufanya hivyo. Katika magari mengine injini huificha sauti hiyo, au dereva amekwisha kushuka na kuondoka.

Ilibaki sauti ya usiku. Juma lilipokwisha tuliketi na daftari la mlinzi. Jumatatu hadi Ijumaa, ilianza saa saba kasoro dakika kadhaa, ikakoma saa saba kamili. Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili, hakuna. Usiku mmoja katikati ya juma kijana alikuwa ameagiza gari lisichomekwe, na usiku huo nao hakukuwa na sauti. Alisoma, akacheka kwa sauti, akasema, "Baba, jini anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, akapumzika mwisho wa juma, huyo si jini. Huyo ni mwajiriwa."

Maandishi yote ya kioo cha gari yalikuwa ya Kijapani, na hakuna aliyewahi kuyagusa. Kijana alichukua simu yenye programu ya kutafsiri, akaielekeza kwenye kioo, akapitia ukurasa baada ya ukurasa. Mwishowe akafika kwenye picha ya saa, na chini yake siku tano zilizowekwa alama, na tarakimu: 7:00. Ilikuwa kengele ya kiyoyozi. Magari mengi ya umeme yana kitu hiki. Mwenye gari anaweza kuliagiza kwamba kila siku, likiwa bado limeunganishwa na umeme wa nyumbani, lipashe au lipoze hewa ya ndani mapema, ili afikapo saa ya kuondoka akute hewa inayofaa bila kula nguvu ya betri. Mtu fulani huko Japani alikuwa ameagiza hivyo kwa saa yake ya kwenda kazini. Gari liliuzwa, likavuka bahari, likapanda lori hadi Songea, nalo likaendelea kumtii.

Lakini kwa nini saa saba usiku? Hapa pana jambo ambalo bado linatufurahisha. Japani imetutangulia kwa saa sita kamili. Saa yao ya asubuhi inayoandikwa 7:00, ambayo sisi tungeiita saa moja asubuhi, huwafikia wao tunapokuwa sisi katika saa saba ya usiku. Na hesabu yetu ya Kiswahili, inayoanza jua linapochomoza, nayo hutofautiana na tarakimu za saa za kizungu kwa saa sita zilezile. Kwa hiyo saa ya gari, iliyokuwa bado ya Japani, ilisoma saba wakati wetu wa saa saba, na nne wakati wetu wa saa nne. Kila aliyeitazama aliona kwamba iko sahihi kabisa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza. Gari lilikuwa linaishi bado katika nchi nyingine, huku limevaa saa inayosomeka kama yetu.

Tulimwita mwenyekiti wa jumuiya, wazee wawili na mlinzi, wakaja usiku wa Jumatano, wakakaa bandani na chai yao hadi saa saba. Walisikia mvumo ukianza, wakaona kioo, wakaona ukikoma. Kisha kijana akaondoa alama zile tano mbele yao. Usiku uliofuata walikuja tena bila kuitwa, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya vyura.

Asubuhi yake tulikwenda kwa bibi, pamoja na wazee wale. Tulimweleza habari yote. Alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Mimi, Baba, hulala vizuri Ijumaa na Jumamosi tu. Siku nyingine gari lenu huniamsha, nami nikiamka nawasha taa, naanza rozari, maana usingizi wa uzeeni ukitoka haurudi."

Wapendwa, lipimeni jambo hili. Taa na sauti kweli vilikuwa vikienda pamoja. Walioona hawakusema uongo juu ya walichokiona. Lakini walidhani taa ndiyo iliyozaa sauti, kumbe sauti ndiyo iliyozaa taa. Na jambo lililochukuliwa kuwa ushahidi mkubwa kuliko yote, yaani kwamba usiku wa ukimya hakukuwa na taa, lilikuwa ushahidi wa kutokuwa na hatia kwake. Ilitosha mtu mmoja avuke uzio na kumwuliza, "Bibi, mbona hulali?" Kwa majuma matatu mji ulikuwa umemzungumzia yeye, na hakuna aliyezungumza naye.

Maandiko Matakatifu yanatupa walimu wawili wa kazi hii. Wa kwanza ni Eliya pale Horebu (1Fal 19:9-13). Yalipita mambo makubwa yenye kishindo, upepo na tetemeko na moto, na nabii hakuharakisha kusema kwamba Bwana yumo ndani yake. Alingoja hadi ikaja sauti nyembamba, ndipo akafunika uso wake. Wa pili ni mzee Eli (1Sam 3:1-10). Kijana Samweli anasikia akiitwa usiku, anakimbia kwake mara tatu. Eli hakusema ni ndoto, wala hakusema ni pepo. Alimrudisha kulala mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu akatambua, kwa sababu sauti ilikuwa imerudi kwa namna ileile. Na hata hapo hakujisemea jibu mwenyewe. Alimfundisha kijana namna ya kusikiliza. Nao watawa Wabenediktini, walioleta imani katika nchi hii yetu walipofika Peramiho mwaka 1898, wanaishi kwa Kanuni ambayo amri yake ya kwanza kabisa ni kusikiliza.

Katika utafiti wa dhamiri nasi tunasikia sauti nyingi, hasa tunapozima kelele. Ndiyo sababu wengi wetu tunaogopa ukimya, tunawasha redio tangu alfajiri hadi usingizi. Tunadhani ukimya ndio unaoleta mashaka, kumbe ukimya unayafunua tu yaliyokuwepo. Tukizisikia sauti hizo, tuzipambanue.

Kwanza, kuna sauti zisizo ugonjwa. Kama gesi inayotafuta ulinganifu, moyo wa mwanadamu hutoa sauti baada ya kazi nzito: huzuni ya msiba, uchovu wa kulea, hofu ya mtihani, hata kishawishi ambacho mtu hakukikubali. Hivi si dhambi. Kuna waamini wanaokuja kwenye kitubio wakiungama kwamba walilia sana baada ya kumzika mtoto. Ndugu, hiyo ni pande mbili za moyo zinazotafuta kulingana. Iacheni ipite.

Pili, kuna sauti za uchafu uliojikusanya. Panya hawakujenga kiota chao kwa siku moja. Waliingia kwa sababu palikuwa na mahindi, na kwa sababu hakuna aliyefungua kuangalia. Vivyo hivyo kinyongo kati ya mke na mume, deni dogo lisilolipwa, sala iliyoahirishwa. Havitaki kompresa mpya. Vinataka mkono unaokubali kuchafuka, na kitubio kinachofanyika kwa wakati wake.

Tatu, kuna sauti za bwana wa zamani. Mtu amebatizwa, ameacha pombe, ameacha nyumba ndogo, amehama mji. Na bado ikifika saa fulani kitu ndani yake kinaamka na kuvuma. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya ugomvi huu ndani ya mtu (Rum 7:15-25). Asikate tamaa, wala asidhani kwamba uongofu wake ulikuwa wa bure. Agizo la zamani halikufutwa, ndiyo maana bado linatiiwa. Na afanye kama alivyofanya mlinzi: aandike ni siku gani, ni saa ngapi, akiwa amechomekwa wapi. Mara nyingi ataona kwamba usiku ule asipokwenda mahali fulani, au asipokaa na watu fulani, sauti haiji. Akiisha kuijua saa yake, ataweza, kwa neema ya Mungu, kuiondoa alama yake moja baada ya nyingine.

Lakini iko sauti ya nne, nayo haikutoka katika gari kamwe. Ni sauti yetu sisi wenyewe, tuliyoiongeza juu ya zile nyingine. Kiota kilitolewa kwa mkono, agizo la Japani liliondolewa kwa kidole. Sauti ya nne haikutoka kwa urahisi hivyo. Mama mgonjwa amerudi Misani, na mtoto wa maji amerudi kwa bibi. Hata hivyo wapo watu wawili watatu ambao hadi leo, wakipita njia ile usiku, huvuka upande wa pili. Mafuta yasiyofaa yakishaingia ndani ya kompresa hayaoshwi kwa siku moja, na neno likishatiwa ndani ya jina la mtu ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo Kanisa linafundisha kwamba aliyemchafulia mwenzake jina anadaiwa kulirekebisha, na wala haitoshi kujutia moyoni. Aliyenong'ona kwenye jumuiya na aseme kwenye jumuiya.

Basi kwa juma hili tunawaomba mambo matatu. Kila siku mtenge robo saa ya ukimya, simu na redio vimezimwa, msikilize moyo wenu bila kuharakisha kuupa jina. Mkiwa na jambo linalowarudia, liandikeni saa zake kabla ya kuliandika hukumu. Na kama kuna mtu ambaye mmekuwa mkimzungumzia, nendeni mkazungumze naye. Vukeni uzio. Bibi yetu bado anaamka usiku mara moja moja, asema ni uzee, nasi tunamwomba katika rozari yake ya saa saba aikumbuke parokia hii nzima, waliomsema na waliomnyamazia.

Ee Bwana, utujalie masikio ya mtoto Samweli, na subira ya mzee Eli. Utulinde na ulimi unaotangulia sikio. Kwa maombezi ya Mtakatifu Matia Mulumba Kalemba, msimamizi wa Kanisa Kuu letu la Songea, utubariki sisi na nyumba zetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!

Paroko wenu